Kahawa ya uyoga, vidonge vya tansio na bowa wetu wa masika



Juma hili ukurasa wetu wa afya unaanza kwa kuomba msamaha. Mtakumbuka kwamba mwishoni mwa mwezi wa kumi, katika mkutano wetu wa siku ya mposho, tulimpa mama mmoja mgeni dakika kumi aseme juu ya kahawa ya uyoga. Alisema karibu saa nzima. Alituonyesha picha ya uyoga mwekundu unaong'aa kama ubao uliopakwa vernisi, akatuambia unatoka Asia, na kwamba huko wafalme waliunywa wasizeeke. Kisha akahesabu kwa vidole magonjwa unayoponya: tansio, sukari, vidonda vya tumbo, uzazi mgumu, kansa, hata sida. Vidole vilimwishia, akaanza tena mkono wa kwanza. Sisi tuliokaa mbele, tunaoandika ukurasa huu, hatukuuliza swali hata moja. Tulipiga makofi. Wamama kumi na mmoja walinunua siku ile, na watatu waliandikishwa kuwa wauzaji chini yake.

Mmoja wa wale kumi na mmoja ni mama wa likelemba yetu. Ametupa ruhusa ya kueleza mambo yake bila kumtaja jina. Ana tansio tangu miaka sita, na kila asubuhi anakunywa vidonge viwili. Kartoni ya kahawa ile ilikuwa dola 20, na ni ya mwezi mmoja tu. Pesa ya kahawa na pesa ya vidonge hazikuweza kutoka katika mfuko mmoja, kwa hiyo akaacha vidonge. Muuzaji hakumwambia aache. Alimwambia tu, "Mwili wako wenyewe utakuonyesha." Juma la tano kichwa kilimuuma usiku kucha, na asubuhi mkono wa kushoto ukawa mzito hata kombe la chai hakuweza kulishika. Binti yake alimpeleka sante kwa pikipiki. Walimpima: 21 kwa 12.

Tulipokwenda kumwona alitupokea vizuri, akaomba tuletewe viti. Kisha akasema, "Ninyi mulikuwa mbele kabisa. Mbona hamukusema kitu?"

Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo tulikwenda kuuliza waganga, tukasoma, na haya ndiyo tuliyopaswa kuwaambia siku ile.

Uyoga ule mwekundu una jina lake la kitaalamu, Ganoderma. Wachina wanauita lingzhi na Wajapani wanauita reishi, na ni kweli kwamba kule China umetumiwa kama dawa tangu zamani sana, kwa zaidi ya miaka 2000. Hauliwi kama mboga maana ni mgumu na mchungu. Unachemshwa au kusagwa. Tena si kitu cha ajabu cha Asia peke yake. Jamaa za uyoga huu zinaota hata kwetu, kwenye visiki na miti inayooza, na wengi wenu mmeziona mkitafuta kuni: ngumu kama ubao, nusu duara, ngozi ya juu inang'aa. (Tafadhali msiende kuzikata na kuzichemsha kwa sababu tumeandika hivi. Endeleeni kusoma.)

Tusiwadanganye kwa upande wa pili pia, kana kwamba dawa haiwezi kutoka katika uyoga. Uyoga na ukungu ni jamaa moja, na jamaa hiyo imewapa waganga dawa kubwa sana. Penisilini, ile ambayo imeokoa watoto wetu wengi, ilitoka katika ukungu ambao Alexander Fleming aliuona mwaka 1928 kule London, ukiua vijidudu kwenye sahani yake ya kazi. Dawa mojawapo wanayopewa watu waliowekewa figo ya mtu mwingine, ili mwili usiikatae, ilitoka katika kiumbe wa jamaa hiyohiyo anayeishi udongoni. Dawa mojawapo ya kushusha mafuta ya damu ilitolewa kwenye ukungu, na kitu kilekile kinapatikana kidogo ndani ya uyoga wa pleuroti, ule mweupe au wa kijivu unaolimwa juu ya majani makavu. Kule Japani, mwaka 1977 serikali ilikubali dawa iliyotolewa katika uyoga mmoja wa kwenye miti isaidie wagonjwa wa kansa, na mwaka 1985 ikakubali nyingine, iliyotolewa katika uyoga wa shiitake, kwa kansa ya tumbo.

Lakini angalieni namna kazi hiyo ilivyofanyika. Kitu kimoja kilitolewa ndani ya uyoga, kikasafishwa, kikapimwa kwa miligramu, kikajaribiwa kwa wagonjwa kwa miaka. Ile ya shiitake walikuwa wakiipiga sindano. Hawakuikoroga katika kahawa. Na zote mbili za Japani zilikuwa zikitolewa pamoja na matibabu ya hospitali. Munganga hakumwambia mgonjwa aache matibabu anywe uyoga. Kati ya hapo na unga wa kahawia ndani ya pakiti ya kahawa na sukari, kuna safari ndefu ambayo yule mama mgeni aliiruka kwa sentensi moja.

Na Ganoderma yenyewe? Ndani yake mna vitu ambavyo wataalamu wanaviita beta-glukani. Katika maabara, vinaamsha askari wa mwili, yaani chembe za damu zinazopigana na magonjwa. Hilo si uongo. Ila maabara ni chupa na panya, na mtu ni mtu. Kuna kundi la watafiti wa nchi nyingi linaloitwa Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa kwa watu juu ya dawa fulani na kuyapima kwa haki. Mwaka 2015 walipima Ganoderma kwa watu wenye sukari ya aina ya pili, wakitafuta kama inashusha sukari, tansio au mafuta ya damu. Hawakupata ushahidi wa kuitumia kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 walitazama tena upande wa kansa. Walisema haiwezi kuwa tiba ya kwanza, na kwamba majaribio yaliyopo ni machache na madogo. Labda inaweza kusindikiza matibabu ya kawaida. Kusindikiza, wamama. Anayesindikiza harusi si bibi harusi.

Kuhusu sida hatutasema maneno mengi. Anayekunywa dawa za kupunguza virusi aendelee kuzinywa kila siku. Mtu yeyote atakayemwambia aziache kwa ajili ya uyoga, maji ya baraka au kitu kingine, anacheza na maisha yake na ya mtoto anayemnyonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo siku ile halikutajwa kabisa. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kuumiza pia, na anayewaambia dawa yake haina madhara yoyote, basi ama si dawa ama haijui. Ganoderma inaweza kufanya damu isigande upesi. Kwa mtu anayekunywa aspirini au dawa nyingine ya kulainisha damu, kwa anayengoja kupasuliwa, kwa mama aliye karibu kuzaa, hilo si neno dogo. Waganga wameandika pia juu ya watu walioharibika ini baada ya kunywa unga wake. Ni wachache, lakini wapo. Na kwa wenye mimba na wanaonyonyesha hakuna majaribio ya kutosha ya kusema ni salama. Mama mmoja kati yenu alituandikia kuuliza kama anaweza kunywa kwa sababu ana mimba ya miezi saba na miguu inavimba. Mama, hapana. Tena miguu inayovimba kwenye mwezi wa saba ni sababu ya kwenda kupimwa tansio leo, usingoje siku ya kupima mimba. Kama kuna kichwa kinachouma au macho yanayoona nyota, nenda hata usiku.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba haya yote yalitokea wakati masika yanaanza, wakati uyoga mzuri unakuja wenyewe mpaka mlangoni. Tuko katika mwezi wa kumi na mbili. Pitieni barabara ya Kipushi au ya Likasi asubuhi, mtakuta wamama na watoto wamepanga beseni: bitondo wa manjano, kabansa, tente, na ule bowa mkubwa wa kichuguu ambao kofia moja inaweza kuwa pana kuliko mwavuli wa mtoto. Huo wa kichuguu, kwa kitaalamu Termitomyces titanicus, ndio uyoga unaoliwa mkubwa kuliko wote duniani. Wazungu wanakuja na vipimo kuupiga picha. Sisi tunaukata vipande na kuula na bukari.

Munganga tuliyemwuliza alicheka tulipomwonyesha pakiti ya kahawa. Alituambia, "Kama munataka faida ya uyoga, muile."

Uyoga mbichi una maji mengi sana, karibu sehemu tisa katika kumi, ndiyo maana beseni zima likikauka linakuwa kikombe. Katika kile kinachobaki mna protini, mna nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, mna vitamini za jamaa ya B, na zile beta-glukani zilizouzwa kwa dola 20 zimo humohumo. Si nyama, hatusemi hivyo, na mtoto bado anahitaji yai, samaki na ndagala anapozipata. Lakini kwa jamaa ambayo juma zima inakula bukari na sombe, sahani ya bowa mara mbili au tatu kwa juma ni badiliko la kweli.

Kwa wenye tansio kuna faida ambayo haikuandikwa kwenye kartoni yoyote. Uyoga, hasa uliokaushwa, una utamu wake unaokaribia wa nyama. Ukiusaga na kutia kijiko katika mboga, unaweza kupunguza chumvi na zile kube za mchuzi, na jamaa hawatanung'unika sana. Chumvi ndiyo adui wa tansio tunayemlisha kila siku kwa mikono yetu. Sisi tulijaribu kwa majuma mawili. Juma la kwanza mabwana walinung'unika. La pili mmoja aliuliza mboga ile ilikuwa na nyama gani.

Tena kuna habari ya jua. Ndani ya uyoga mna kitu ambacho kikipigwa na jua kinageuka vitamini D, ile inayosaidia mifupa ya watoto isipinde na mifupa ya wazee isivunjike. Tate zetu walipoanika bowa juu ya mapaa, hawakujua jina la vitamini hiyo, lakini walifanya kazi yake. Ukiuanika kivulini au juu ya mbabula unakauka vizuri, ila vitamini hiyo haizidi. Kwa hiyo ukate vipande, uugeuze upande wa chini, ule wenye mistari kama kurasa za kitabu, uangalie juu, uuweke kwenye jua la mchana kwa saa moja au mbili, kisha uumalizie kukausha popote. Uanike juu ya chandarua safi au kapo la kupepetea, mbali na vumbi la barabara. Uko tayari ukivunjika kama kijiti. Ukipindika bado, utaota ukungu ndani ya chombo, na ukungu huo sio wa Fleming, utupe. Katika masika yetu jua ni la kuotea, tunajua. Wengine wanaanika saa nne na kuingiza saa saba kabla mvua haijafika.

Sasa neno la kuogopesha, maana hatuwezi kusifu uyoga bila kulisema. Kila masika kuna jamaa zinazokufa kwa uyoga. Tente tunaoupenda ni wa jamaa moja na uyoga unaoua kuliko wote, na mtoto wa mjini hawezi kuwatenganisha. Yale mafundisho tuliyopewa, kwamba uyoga wa sumu unageuza kitunguu kuwa cheusi, au unachafua kijiko cha fedha, au kwamba ukiliwa na wadudu basi hata mtu anaweza kuula, yote si kweli. Wadudu wanakula sumu ambayo inatuua sisi. Kuchemsha hakuondoi sumu ile kali, wala kukausha. Na uovu wake ni kwamba haikamati upesi: unakula jioni, unalala vizuri, na baada ya saa sita, kumi na mbili au zaidi ndipo tumbo na kutapika vinaanza. Siku ya pili mgonjwa anajisikia nafuu, jamaa wanashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo aliyetapika baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, na mchukue mabaki ya uyoga ule, mbichi au uliopikwa, waganga wauone. Wote waliokula sahani ile waende naye.

Nunueni kwa mama mnayemjua, anayetoka kijiji kinachoijua pori yake, na uyoga ambao mmekwisha kuula tangu utoto. Usioujua uuache pale ulipo, hata ukiwa mzuri namna gani. Na msile mbichi.

Kwa sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna onyo jingine ambalo watu wa vijijini hawalihitaji. Uyoga unanyonya kilicho katika udongo kama sifongo, na pamoja na vizuri unanyonya metali. Ule unaoota karibu na mlima mweusi wa takataka za shaba, kando ya usine, kwenye machimbo au mahali wanapooshea madini, hata uwe bitondo safi wa manjano, usiulishe watoto. Kuosha hakusaidii, maana metali zimo ndani ya nyama yake. Waulizeni wauzaji wanauchuma wapi. Wengine watadanganya, lakini wakiulizwa kila siku watajua kwamba tunaangalia.

Tulitaka pia kuandika juu ya makala, maana kabansa, tente na bitondo vinaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya pori letu, na mti ukikatwa kwa makala uyoga wake hauoti tena pale. Wamama wa barabara ya Kipushi wanasema kila mwaka wanatembea mbali zaidi. Habari hiyo ni ndefu, tutaitafutia juma lake.

Kwa wale watatu walioandikishwa kuuza: hatuwafukuzi, na hatusemi kwamba ninyi ni wabaya. Mlitafuta pesa ya masomo ya watoto kama sisi wote. Lakini tangu sasa, mtu akitaka kuuza kitu cha afya katika mkutano wetu, atasimama mbele ya mwuguzi wetu kwanza, na atajibu: kuna nini ndani, kiasi gani, nani asikinywe, na mtu akiumia atamkuta wapi. Yule mama mgeni tulimpigia simu kumwuliza haya. Alisema atarudi kutupigia.

Siku ya mposho hii, kabla ya likelemba, mwuguzi atakuja na mashine ya kupima tansio. Ni bure. Mlioacha vidonge kwa sababu yoyote, kahawa au pesa au uchovu tu, njooni bila haya, tutazungumza kando. Aliyeacha asirudie kipimo chake cha zamani kwa kukisia, amwambie mwuguzi siku ngapi hakunywa.

Mama wetu amerudi kwenye vidonge vyake. Juzi walimpima 15 kwa 9. Mkono unashika kombe tena, ila bado si kama zamani, na kuosha sufuria anamwachia binti. Zilibaki pakiti kumi na mbili za kahawa ile. Alituletea ndani ya kitambaa, akasema tuzirudishie muuzaji tukimpata, na pesa ikitoka, iingie katika likelemba.